Simu ya Mama Sambaza: kisa kimoja cha kuacha sigara Bukavu

Kisa hiki ni cha mama wa miaka 38, mkazi wa Kadutu, moja ya komini za mji wa Bukavu, mashariki ya Kongo, mwenye watoto wanne, ambaye kazi yake ni kuuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Ameniruhusu nikieleze mradi nisitaje jina lake wala mtaa wake, kwa hiyo nitamwita Mama Sambaza, jina ambalo mama yeyote wa kazi hiyo anaweza kuitwa. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya, upande wa uzazi wa mpango.

Hakuja kwangu kwa ajili ya sigara. Alikuja kuomba vidonge vya kumeza kila siku, kwa kuwa jirani yake anavitumia na vimemfaa. Katika maswali ya kawaida nikafika kwenye tumbaku. Akajibu hapana, upesi, huku akitazama mlango. Nikamweleza kwa nini nauliza. Vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, vikikutana na sigara katika mwili wa mwanamke aliyefikisha miaka 35, huongeza hatari ya damu kuganda, ya mshtuko wa moyo na ya kiharusi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema mwanamke wa umri huo anayevuta sigara 15 au zaidi kwa siku asipewe vidonge hivyo kabisa, na anayevuta chini ya hapo kwa kawaida asipewe. Akanyamaza. Halafu akauliza kama kuna njia ingine kwa "mutu mwenye anakunywaka kidogo".

Tukakubaliana kijiti cha mkononi, ambacho kina projestini peke yake na sigara haikizuii. Habari ya uzazi wa mpango ikaishia hapo, ya sigara ikaanza.

Hiyo "kidogo" ilikuwa sigara nane hadi kumi kwa siku, karibu zote kabla ya jua kuchomoza. Mama Sambaza hutoka nyumbani saa tisa usiku, hushuka hadi ziwani na beseni lake, akangoja wavuvi. Anayelijua Ziwa Kivu anazijua zile boti: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa juu ya maji ili sambaza waje. Hurudi alfajiri wavuvi wakiimba, na bamama wamesimama kwenye matope wanangoja. Baridi ya saa hiyo inaingia hadi kwenye mifupa. Ndipo alipojifunza kuvuta, zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwa sigara aliyopewa na mkubwa wa boti.

Lakini baridi ni sehemu ndogo ya habari. Mwanamke anayesimama kando na mkubwa wa boti, wakavuta pamoja, ndiye anayejaziwa beseni la kwanza. Beseni la kwanza lina sambaza wazima, wanaong'aa, na anayefika nao sokoni mapema anauza kwa bei yake. Beseni la mwisho lina waliopondeka, na bei yake anaisema mnunuzi. Asiyeelewa habari ya beseni la kwanza hataelewa kwa nini mama huyu, aliyekuwa ameshajaribu kuacha mara kadhaa kwa nguvu zake mwenyewe, alikuwa akirudi ndani ya siku chache.

Na yote hayo kwa siri. Mumewe ni mlinzi wa usiku. Yeye akitoka, mume bado yuko kazini. Mume akirudi, yeye yuko sokoni na ameshatafuna tangawizi na kunawa mikono kwa ndimu. Bibi mzee kijijini akivuta kiko chake mbele ya nyumba, hakuna anayemsema. Mama wa makamo akionekana mjini na sigara, ameshahesabiwa kuwa mwanamke wa nganda, yaani wa baa, na watoto wake wataambiwa shuleni. Nasisitiza siri hii kwa sababu ndiyo iliyoamua karibu kila jambo lililofuata.

Kuhusu mwili wa mwanamke na nikotini, yapo mambo ambayo muuguzi anapaswa kuyajua. Mwili wa mwanamke huondoa nikotini haraka kuliko wa mwanamume, na haraka zaidi akiwa na mimba au akimeza vidonge vyenye estrojeni, hivyo hamu humrudia mapema. Tafiti kadhaa zimeona pia kwamba wanawake wengi hushikwa zaidi na yale yanayoizunguka sigara, yaani mahali, watu, saa na mawazo, kuliko na nikotini yenyewe. Plasta za nikotini na ubani wake wa kutafuna, vya kumsaidia anayeacha, viko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Katika maduka ya dawa ninakotuma wagonjwa wangu sikuvipata. Tulichokuwa nacho ni maneno yangu na simu yake.

Simu ilikuwa Android ya mitumba, yenye ufa kwenye kioo, aliyoinunua ili apokee malipo ya M-Pesa kutoka kwa wenye mikahawa. Nikafikiria programu ya kuacha sigara. Sikuifikiria kwa sababu ya mtindo. Ushahidi upo, ingawa si wa nguvu sawa kila upande. Mwaka 2011 nchini Uingereza, utafiti ulioitwa txt2stop uliwafuata watu 5,800. Waliopokea ujumbe mfupi wa kuwatia moyo, mara tano kwa siku katika wiki tano za kwanza, na ambao walikuwa hawajavuta baada ya miezi sita, tena kwa kupimwa mate, walikuwa asilimia 10.7, dhidi ya 4.9 kwa waliopokea ujumbe usiohusu kuacha. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani ulilinganisha programu mbili za simu kwa watu 2,415, wengi wao wanawake. Programu ya iCanQuit, inayomfundisha mtu kuiacha hamu ije na ipite bila kupigana nayo, ilikuwa na asilimia 28 waliosema, baada ya mwaka mmoja, kwamba hawajavuta kwa siku 30 zilizopita. Ile nyingine asilimia 21. Katikati ya tafiti hizo mbili, mwaka 2019, wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za afya, walisema ujumbe mfupi unasaidia, lakini kwa programu ushahidi ulikuwa bado hautoshi. Na Julai 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku, likakubali ujumbe mfupi na programu za simu kama nyongeza juu ya msaada mwingine wa kuacha, au kama chombo cha mtu kujisaidia mwenyewe. Neno "nyongeza" nililichukua kwa uzito.

Tukashusha programu moja ya bure, ya Kifaransa, iliyotengenezwa Ulaya, kwa kutumia mega zangu za intaneti.

Swali lake la kwanza lilikuwa bei ya paketi. Mama Sambaza hajawahi kununua paketi katika maisha yake. Hununua moja moja, au hupewa. Swali la pili lilikuwa anavuta lini: baada ya kahawa, akiwa na marafiki, akiwa na msongo, akinywa pombe, akiendesha gari. Hakukuwa na mahali pa kuweka "nikingoja boti", wala "ili nipate beseni la kwanza". Akachagua "marafiki", kwa kuwa ndilo neno alilolisoma bila shida. Programu ikaanza kumshauri asiende kwenye sherehe kwa muda. Halafu ikamtuliza kuhusu kunenepa, na ni kweli kwamba anayeacha sigara huongezeka kwa wastani kilo nne au tano katika mwaka wa kwanza. Kwa mama wa Kadutu hiyo ni habari njema. Watu watasema ndoa inamtunza.

Hayo yote yalivumilika. Kisichovumilika kilitokea siku ya tatu. Umeme haukuwepo, simu ilikuwa imetoka kwenye kibanda cha kuchaji, na mtoto wake wa miaka 14 ndiye aliyeileta nyumbani. Ikalia. Kwenye kioo, bila hata kufunguliwa, yakatokea maneno ya kumpongeza kwa kutimiza saa 48 bila tumbaku. Mtoto anasoma Kifaransa vizuri. Akayasoma kwa sauti, kwa furaha ya kuonyesha anajua kusoma, na baba yake amekaa pale anakula. Mama akasema ni matangazo, yale ya kampuni za simu. Mume hakusema kitu. Usiku ule akaifuta programu, na alfajiri akavuta sigara tatu mfululizo.

Aliporudi kituoni aliniambia, "Munganga, ile simu itanichongea siku moja." Maneno hayo ndiyo kiini cha kisa hiki kwangu. Programu hizi zimejengwa kwa ajili ya mtu ambaye simu yake ni yake peke yake, na ambaye kuvuta kwake kunajulikana, hata kama hakupendwi. Kwa mtu huyo pongezi inayotokea kwenye kioo ni msaada. Kwa mwanamke anayevuta kwa kujificha, ambaye simu yake inashikwa na mtoto, na mume, na kijana wa kibanda cha kuchaji, pongezi hiyohiyo ni mashtaka. Kabla ya kuuliza programu ipi ni nzuri, inabidi kuuliza nani anaishika simu hiyo tangu asubuhi hadi usiku, na nini kinaonekana ikiwa imefungwa. Sasa hilo ndilo swali langu la kwanza kwa kila mwanamke, na huwa nasubiri jibu kamili.

Hatukuiacha simu. Tuliirudisha programu, tukazima arifa zake zote, tukaihamisha kutoka ukurasa wa kwanza wa simu. Tukabakiza kitu kimoja tu ndani yake, kile kinachofanya kazi hata bila mtandao: shajara ya kuandika kila sigara, saa na hali ya moyo. Majina ya hali za moyo yalikuwa ya Kifaransa kigumu, lakini yalikuwa na vichoro vya nyuso, na nyuso hazihitaji shule. Nilimwomba asipunguze kitu kwanza, aandike tu.

Nilipoitazama shajara ile ya wiki kadhaa, mambo mawili yalinisimamisha. La kwanza, sigara nyingi alizipa uso wa furaha. Nilitarajia huzuni au hasira, kwa kuwa vitabu vinazungumzia sana wanawake na msongo. Nikamuuliza. Akasema hiyo ni saa taa za boti zinapoanza kusogea kuelekea ufukweni: kungoja kumekwisha, kazi inaanza. Sigara yake ilikuwa imejishikiza kwenye dakika ya nafuu, na ushauri wa kupunguza mawazo usingeigusa.

La pili, kulikuwa na siku kadhaa mfululizo ambazo alivuta moja tu, au hakuvuta. Nikamuuliza kama siku hizo zinaendana na hedhi yake, maana wanawake wengine hamu yao hupanda na kushuka nayo. Akakataa. Akazihesabu kwa vidole, akasema hizo ni siku za mbalamwezi. Mwanga wa mbalamwezi ukiwa mkali, taa za wavuvi haziwavuti sambaza, boti nyingi hazitoki, na bamama hulala nyumbani. Kumbe mwanamke huyu, aliyejiona amefungwa na tumbaku, alikuwa akikaa siku tatu au nne karibu bila hiyo kila mwezi, bila dawa, bila kujua. Kichwa kilimuuma kidogo, alikuwa mkali kwa watoto, basi. Na siku tatu za kwanza ndizo ambazo dalili za kukosa nikotini huwa kali zaidi. Alikuwa akiupanda mlima hadi kileleni, kisha boti zinatoka na anashuka tena.

Hapo ndipo simu ilipolipa. Hakuna swali langu la kituoni ambalo lingelitoa jambo hili, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa ameliona. Siku ya kuacha ikajipanga yenyewe: usiku wa kwanza wa mbalamwezi ambapo boti hazitoki.

Lililobaki lilikuwa usiku wa tano, boti zinaporudi kazini na mkubwa wa boti ananyoosha mkono wenye sigara. Hili halina programu. Tulilizungumza kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote, na jibu lilitoka kwake: thermosi. Akaanza kushuka na chai ya moto yenye tangawizi na sukari nyingi, akampa mkubwa wa boti kikombe cha kwanza, naye akashika cha pili. Mkono una kitu, mdomo una kitu cha moto, na urafiki wa beseni la kwanza umebaki. Fedha za chai zilitoka kwenye zile za sigara, na bado zilibaki nyingine, ambazo aliziandika nyuma ya daftari lake la madeni, lile analoandikia wateja waliochukua sambaza bila kulipa. Nimeliona daftari hilo: mbele majina na faranga, nyuma safu ya faranga peke yake, bila neno lolote la kueleza ni za nini. Mume akilifungua ataona hesabu za biashara.

Kulikuwa pia na sauti. Mwenzake wa ziwani, mama mtu mzima aliyeacha sigara zamani alipokuwa na mimba, alikubali kumtumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp kabla ya saa kumi alfajiri. Ujumbe wenyewe haukutaja sigara hata mara moja. "Yaya, chai iko? Kunywa kwanza, boti bado." Au: "Ngoja kidogo, itapita." Hamu ya sigara hupanda na kushuka ndani ya dakika chache, kwa kawaida haifiki kumi, na kumngojesha mtu dakika hizo ndiyo kazi yote. Waliotengeneza txt2stop walilijua hili: mshiriki aliweza kutuma neno moja hamu ikimshika akajibiwa papo hapo, na aliyetaka aliunganishwa na mwenzake anayeacha. Tofauti ni kwamba sauti ya mama huyu inajua jina la boti na hali ya maji usiku huo.

Wiki za kwanza zilienda vizuri kuliko nilivyotumaini. Alikohoa zaidi mwanzoni, jambo la kawaida, nikamtayarisha kwa hilo ili asidhani sigara ilikuwa inamkinga. Usingizi wake ulivurugika, kisha ukatulia. Ladha ya chakula ikarudi, akalalamika kwamba sambaza wake wana chumvi nyingi.

Halafu Februari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 wakaingia Bukavu. Sina la kueleza hapa kuhusu siku zile ambalo wenyeji hawalijui. Mama Sambaza alivuta. Aliniambia alivuta ndani ya choo, mchana, mara ya kwanza kuvuta nyumbani kwake, na watoto wako chumbani. Mambo yalipotulia kidogo akaiandika sigara ile kwenye programu, kwa uaminifu wake, na programu ikarudisha hesabu yake yote kwenye sifuri.

Sifuri hiyo ilimuumiza kuliko sigara yenyewe. Alikuja akisema amerudi alikoanza, kwa hiyo hakuna haja. Nimeifikiria sana na nasema wazi: hesabu inayofutika kwa kosa moja ni muundo mbaya kwa mwanamke anayeishi kwenye mji kama wetu. Kuteleza siku moja si kurudi kwenye uvutaji. Mapafu na moyo haviisahau miezi iliyopita kwa sababu ya choo kimoja na mchana mmoja wa hofu. Mimi nilichukua lile daftari la madeni, nikamwonyesha safu ya nyuma. Faranga zile hazikufutika. Zilisimama kwa siku kadhaa, kisha zinaendelea. Tukakubaliana kwamba hesabu yake ni hiyo. Tangu hapo haangalii namba ya programu. Shajara ya nyuso anaiandika bado, lakini huandika asubuhi asizovuta, akiweka uso mmoja tu.

Kwa maneno yake, hajavuta tena tangu wiki zile. Sina kipimo cha mate wala cha pumzi cha kulithibitisha, na moshi wa makaa ya jikoni ungevuruga kipimo cha pumzi kwa vyovyote. Nina neno lake, na neno la yule mwenzake wa ziwani anayemwona kila alfajiri. Kijiti chake kiko mkononi, hakina shida. Mume, anadhani, alielewa siku ile mtoto aliposoma, na amechagua kutouliza. Sikumshauri amwambie wala asimwambie; yeye ndiye anayelala katika nyumba hiyo.

Ninachokihofia ni kwamba kisa hiki kitachukuliwa kuwa ushindi wa programu, na kesho mtu atashusha programu kwenye simu za bamama kumi na kuhesabu kazi imekwisha. Programu ilitupa shajara. Shajara ilituonyesha mbalamwezi. Yaliyobaki yalifanywa na chai, mwenzake na daftari. Lakini bila shajara tusingekuwa na mahali pa kuanzia, kwa hiyo siidharau. Kama wapo watengenezaji wanaosoma Kiswahili, naomba tatu: sauti badala ya maandishi, sigara moja moja badala ya paketi, na kioo kisichosema kitu mpaka mwenyewe akifungue.

Mwezi uliopita Mama Sambaza alinileta mwenzake mwingine wa ziwani, mwenye mimba ya miezi minne, anayevuta sita kwa siku. Kwa huyu haraka ni kubwa zaidi, maana sigara humpunguzia mtoto uzito na huongeza hatari ya kuzaliwa kabla ya wakati au kuzaliwa mfu, na kila wiki anayoacha mapema inamfaa mtoto. Hana Android, ana simu ya vitufe yenye tochi, na hajui kusoma. Shajara yake ni vijiti vya kiberiti anavyovihamisha kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Hamu ikimshika anambipu Mama Sambaza, naye humpigia, kwa kuwa kati yao wawili yeye ndiye mwenye unite, yaani salio la kupigia. Unite hizo kwa sasa nazinunua mimi, na nimeshaomba kituo kiziingize kwenye matumizi ya kliniki ya wajawazito.